Feni ya kutoa hewa bafuni: inafanya nini, na kwa nini mara nyingi haifanyi

Feni ya kutoa hewa ni mota ndogo yenye mapanga, inayofungwa ukutani au darini ili ivute hewa yenye unyevu na harufu na kuitupa nje ya nyumba. Nje ya nyumba, si juu ya dari. Pangaboi huzungusha hewa ile ile iliyomo chumbani. Feni hii hubadilisha hewa, na haiwezi kazi hiyo peke yake. Inahitaji mahali pa hewa mpya kuingilia, bomba la kupitishia ile chafu, na tundu la kutokea. Kimoja kikikosekana, unabaki na kelele na bili ya umeme.

Kosa lililozoeleka kwenye nyumba za mabati ni hili: fundi anakata tundu kwenye jipsamu, anapachika feni, anaunga waya, anaondoka. Bomba hakuna. Mvuke wa kila shawa ya moto unapanda juu ya dari, na usiku mabati yakipoa unageuka matone yanayodondokea jipsamu. Yanatokea madoa ya kahawia, mbao za kenchi zinaota ukungu, na mwenye nyumba anaita fundi wa paa azibe matundu ya misumari. Doa linalokua kiangazi, mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, lisikupeleke kwenye paa. Panda juu ya dari uangalie feni inapumulia wapi.

Ukubwa wa feni hupimwa kwa mita za ujazo za hewa kwa saa. Zidisha urefu, upana na kimo cha bafu, kisha zidisha kwa 8, maana hewa yote inafaa ibadilishwe kama mara nane kwa saa. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 8.1, kwa hiyo linataka takribani 65 kwa saa. Feni nyingi za inchi 4 huandikwa 80 hadi 100 kwenye boksi, lakini hesabu hiyo hupimwa feni ikiwa haina bomba. Ukiongeza bomba refu na elbo mbili, hewa inapungua sana. Feni ya kawaida ya mapanga inafaa pale inapotokea moja kwa moja ukutani, au kwenye bomba lisilozidi mita 2 hivi. Zaidi ya hapo tafuta ile yenye gurudumu kama pipa, au feni inayofungwa katikati ya bomba. Hizo zina nguvu ya kusukuma.

Hewa ya kuingia husahaulika kuliko vyote. Mlango wa sentimita 76 ukiachwa na nafasi ya sentimita 1 chini, unapata sentimita za mraba 76, karibu sawa kabisa na mdomo wa bomba la inchi 4. Mlango ukikaza sakafuni, feni inazunguka lakini hewa haisogei. Dirisha lililo wazi jirani na feni nalo lina hasara yake: feni inavuta hewa ya dirishani na kuitupa tena nje, na mvuke wa shawa unabaki palepale. Feni ikae karibu na shawa na mbali na mlango, ili hewa ipite chumba kizima. Na kama bafuni kuna hita ya maji ya gesi isiyo na bomba lake lililofungwa la kuvutia hewa nje, usifunge feni kabla ya fundi wa gesi kuikagua. Feni inaweza kurudisha ndani moshi wake wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Kwa bomba, plastiki ngumu ya inchi 4 ni bora kuliko la mkunjo, kwa sababu ndani ni laini. Ukilazimika kutumia la mkunjo, livute linyooke, ukate linalozidi. Lilaze kwa mteremko wa kwenda nje, kama sentimita 1 kwa kila mita, maana mvuke hupoa humo na kuwa maji. Baridi ya Julai jijini Nairobi inatosha kudondosha maji hayo kupitia feni. Ukilivika bomba sufi ya kioo (blanketi la nyuzi za kioo linalozuia joto lisipotee) tatizo hupungua. Ziba maungio kwa utepe wa alumini.

Usiunge bomba hili kwenye bomba la kupumulia la choo: feni ikizimwa, gesi za shimo zinashuka bafuni. Usilitoe chini ya upenu wenye matundu ya hewa, kwani unyevu utavutwa tena darini. Tundu la nje liwe na kifuniko chenye kilango kinachojifunga. Pwani, tundu linaloelekea kusini bila kilango litaletewa upepo wa kusi miezi yote ya kusi, na kwenye maghorofa yenye njia moja ya hewa, bila kilango utajua jirani ana shughuli gani chooni. Wavu wa mbu usiuweke hapo. Baada ya miezi michache unajaa vumbi lililogandana na kugeuka kizibo.

Feni ikisumbua, zima sakiti breka, si swichi ya ukutani tu, kisha hakikisha kwa testa. Kuna nyumba ambazo swichi imekata nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na waya wa moto umebaki kwenye feni. Osha kifuniko kwa sabuni. Mapanga yafute kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kidogo, bila kumwagia mota maji. Zungusha kwa kidole. Kama ni nzito, toa nywele zilizojisokota kwenye shafti, kisha weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye bushi, ile pete ambamo shafti huzungukia. Mafuta ya kula yatageuka gundi. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu husafisha vizuri, ila hukauka upesi, kwa hiyo mafuta yafuate.

Ikinguruma bila kuzunguka hata baada ya hapo, angalia kama ina kapasita, kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, ambacho feni nyingi ndogo za inchi 4 hazina. Badilisha kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ikiwa kimya kabisa na umeme unafika, koili imekatika au fyuzi ya joto iliyo ndani yake imeungua. Fyuzi hiyo hubadilishwa kwa yenye nyuzi joto zilezile. Kuiruka kwa waya ni kuandaa moto, kwa sababu siku mapanga yatakapokwama hakuna kitakachozuia plastiki isiyeyuke. Feni inayoendelea kuzunguka taa ikizimwa huenda haina ubovu wowote: ni ya taima, na dakika 15 baada ya kuoga ndizo zinazokausha kuta.

Ikizunguka vizuri lakini haivuti, weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye kifuniko, mlango ukiwa umefungwa. Kikishika, ndani kuna mvuto. Kisha washa udi chini ya feni, na mtu asimame nje aangalie kilango. Kisipofunguka wala moshi usitoke, ama bomba limechomoka juu ya dari, ama mpaka rangi amekigandisha kilango kwa rangi yake.