Je, wajua kwa nini Pixy Liao huiacha neli ya kamera ionekane katika picha zake?

Mtu anayezitazama kwa mara ya kwanza picha za Pixy Liao, msanii aliyezaliwa Shanghai, China, mwaka 1979 na anayeishi Brooklyn, New York, huenda akadhani ameona kosa la kiufundi. Katika picha nyingi kuna neli nyembamba inayoishia kwenye kijimpira kilichofumbatwa mkononi. Mpira huo ukiminywa, hewa husafiri ndani ya neli hadi kwenye kamera na kusukuma kipini kidogo kinachobonyeza kitufe. Wapiga picha wengi wanaojipiga wenyewe hukificha chombo hiki, au hutega kamera ijipige baada ya sekunde chache, au huifuta neli baadaye kwa kompyuta. Liao huiacha kwa makusudi.

Ili kuelewa sababu, inafaa kujua mradi wake ulivyoanza. Aliuanza mwaka 2007 alipokuwa akisomea upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani, na akauita Experimental Relationship, yaani uhusiano wa majaribio. Huko Memphis ndiko alikokutana na Moro, mwanamuziki kutoka Japani, ambaye alikuja kuwa mpenzi wake na ambaye Liao anamzidi kwa miaka 5. Miaka hiyo ni michache, lakini kwake ilipindua mambo mengi. Ameeleza mwenyewe kwamba, kwa malezi aliyoyapata China, aliamini kuwa angeweza kumpenda mwanamume aliyemzidi umri na busara tu, mtu wa kumlinda na kumwongoza. Fikra hiyo haikuwa yake peke yake. Katika bustani ya Renmin, katikati ya Shanghai, wazazi hukutana mwishoni mwa wiki kuwatafutia watoto wao wachumba, wakiwa wamebandika juu ya miavuli karatasi zinazotaja umri, kimo, elimu na kazi. Katika hesabu hizo mume hutarajiwa kumzidi mke kwa umri na kipato, na mwanamke anayekaribia miaka 30 bila kuolewa huonekana amechelewa. Kwa Moro, Liao alijikuta yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye anayeelekeza, naye akaamua kulichunguza jambo hilo kwa kamera badala ya kulionea haya.

Matokeo yake hushtua. Katika picha moja ya mwaka 2008, Liao amevaa nguo kamili huku Moro akiwa na chupi tu, na Liao anamfinya chuchu. Jina la picha linasema kwamba mahusiano hustawi pale kila mmoja anapoijua nafasi yake. Ni maneno ambayo mwari angeweza kuambiwa usiku wa kuamkia harusi, ila hapa nafasi zimebadilishana. Katika nyingine, ya mwaka 2009, Moro amelala uchi mezani na Liao anakula papai lililowekwa juu ya mwili wake. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimweka mwanamke uchi mbele ya wanaume waliovaa, na ni watazamaji wachache waliouliza anajisikiaje.

Kama mambo yangeishia hapo, kazi hii ingekuwa ubabe uleule uliohamia mkono mwingine, na kwa maoni yangu isingestahili kutazamwa mara mbili. Neli ndiyo inayoiokoa. Mara nyingi mpira umo mkononi mwa Moro. Liao huchagua mahali, mavazi na mkao, lakini anayeamua ni sekunde gani itakayohifadhiwa ni yule anayeonekana kutawaliwa. Moro hageuki kuwa mwanasesere. Akikataa kuminya, hakuna picha. Mtazamaji anayemhurumia inambidi autazame tena mkono wake.

Neli ina kazi nyingine, nayo naiona nzito vilevile. Picha za wapenzi, hasa zinapopigwa na mwanamke, husomwa haraka kama siri zilizovuja kutoka chumbani. Neli inapoonekana wazi, mtazamaji anajua kwamba tukio limepangwa na wawili hawa wanajua wanatazamwa, kwa hiyo anachokiona ni hoja iliyojengwa na mwanamke anayefikiri, wala si ungamo lake.

Liao ameeleza pia kwamba, kwa kuwa yeye ni Mchina na Moro ni Mjapani, mradi huu unagusa uhusiano wa upendo na chuki. Kwa mtu wa Shanghai, mji ulioshambuliwa na jeshi la Japani mwaka 1937, kauli hiyo ina uzito wake.

Mradi huo haukuishia chuoni. Ulioneshwa katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa, mwaka 2019, ukiwa tayari umepita miaka 10. Wawili hao wana pia kundi la muziki liitwalo PIMO, jina lililounganishwa kutoka majina yao, na huko ni Liao anayeingia katika fani ya Moro.