Harriet Tubman hakuokoa watu 300, na hiyo haimpunguzii kitu

Sisi wa kitengo cha elimu makumbusho tukipokea wanafunzi swali ni lile lile, eti ni kweli Harriet Tubman, yule mama mweusi wa Marekani aliyetoroka utumwani akawa anarudi kutorosha wengine, aliokoa watumwa 300 na kichwa chake kikawekewa dola 40,000? Namba hizo zimezagaa mno mtandaoni. Waliokaa na nyaraka wanahesabu safari kama 13 na watu kama 70, na tangazo la kumsaka la Oktoba 1849 linamwita "Minty", jina lake la utotoni, dola 100 akikamatwa nje ya jimbo, 50 akikamatwa ndani. Basi.

Ila hebu tazama hao 70 ni kina nani. Wengi ni ndugu zake na watu wa kwao, Dorchester, jimbo la Maryland, kulekule alikozaliwa mtumwa mwaka 1822 hivi. Alipokua binti mdogo msimamizi mmoja alirusha jiwe la mzani dukani akimlenga mtumwa mwingine, likampata yeye kichwani, na toka hapo akawa anapitiwa na usingizi ghafla hata katikati ya maongezi, sasa mtu wa hivyo ndo alikuja kuongoza watu porini usiku! Mwenyewe alitoroka 1849 akafika Philadelphia, kaskazini kusikokua na utumwa, angeweza kutulia huko, akarudi. Na ile njia ya kutorosha watumwa wanayoiita reli ya chini kwa chini jamani haikua na treni, ni watu tu na nyumba za kujificha.

Desemba 1850 mtoto wa dada yake, Kessiah, aliwekwa mnadani mbele ya mahakama ya Cambridge, mji wa hukohuko Dorchester, pamoja na wanawe wawili. Mnunuzi akapatikana, dalali akaenda kula, kurudi kudai hela hakuna mtu. Kumbe aliyeshinda mnada ni mume wa Kessiah, John Bowley, mtu huru, kashaondoka na familia yake, wakavuka na mashua mpaka Baltimore, Harriet anawasubiri.

Anayetaka namba kubwa aende Juni 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, mto Combahee kule South Carolina. Harriet alikua mpelelezi wa jeshi la kaskazini, lililopigana na majimbo ya watumwa ya kusini, na kwenye uvamizi wa usiku ule mmoja walitoka utumwani zaidi ya watu 700.

Mimi lakini huwa nawasimulia wanafunzi Krismasi ya 1854. Kaka zake watatu walikua wauzwe siku inayofuata, Harriet akaja kuwachukua, wakajificha kwenye banda la malisho karibu na nyumba ya wazazi. Mama hakuambiwa, wangeshindwa kumnyamazisha kwa kilio, yeye alikua kaandaa chakula cha sikukuu anawasubiri wanawe, anatoka nje, anakinga macho kwa mkono, anaangalia barabara, anarudi ndani. Baba, mzee Ben Ross, ndo aliyewapelekea chakula bila kuwatazama, na usiku walipoondoka akajifunga kitambaa machoni akawasindikiza kashikwa mkono huku na huku. Wenye watumwa walipokuja kuulizia, mzee akawajibu hajamwona mtoto wake hata mmoja.