Mgeni wa Sayari Nyingine Si Zuzu

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya vichekesho vya kisayansi, na wiki hii nimerudisha mwingine wenye kosa lile lile. Kiumbe anashuka kutoka sayari ya mbali, anavaa sufuria kichwani, anasalimiana na mti, basi. Nilipouliza kwa nini, mwandishi akanijibu: "Si mgeni? Hajui kitu, ndiyo maana anachekesha." Hapana! Nimelisikia hilo mara nyingi mno.

Dhana: Mgeni huchekesha kwa sababu ni mjinga

Ukweli: huchekesha kwa sababu anafikiri sawasawa, ila kwa vipimo vya kwao. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini aliye gizani hupapasa, na kila anachokishika hukipa maana kwa yale anayoyajua. Kichekesho kimo katika huko kupapasa.

Tazama filamu ya Back to the Future ya 1985, maana mgeni anaweza pia kutoka wakati mwingine. Kijana wa 1985 anasafiri kurudi nyuma, anazinduka mwaka 1955, na msichana aliyemuuguza anamwita Calvin Klein kwa sababu jina hilo liko kwenye nguo yake ya ndani. Kampuni ya mavazi yenye jina hilo ilianzishwa 1968. Sasa msichana wa 1955 alidhanie ni jina la nani, kama si la mvaaji? Baadaye mwanasayansi wa 1955 anaambiwa kwamba rais wa 1985 ni Ronald Reagan, naye anakataa katakata. Ana haki: Reagan anayemjua yeye ni mwigizaji wa filamu.

Katika filamu ya Star Trek IV ya 1986, mhandisi wa karne ya 23 aliyerudi nyuma hadi 1986 anaisemesha kompyuta, nayo kimya. Anapewa kipanya, anakishika kama maikrofoni na kuongea nacho. Kwao kompyuta husikia. Akishaelekezwa kwenye kibodi, anachapa kwa kasi ya ajabu na kuonyesha muundo wa aluminiamu inayopitisha mwanga, kitu ambacho wenyeji wake hawajawahi kukiota. Zuzu hafanyi hivyo.

Wale viumbe wa filamu ya Galaxy Quest (1999) ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Wamenasa kipindi cha televisheni wakakichukua kuwa kumbukumbu za historia, kwa kuwa kwao hakuna kuigiza wala kudanganya. Wakakifuata hatua kwa hatua, wakajenga chombo cha anga kinachoruka kweli.

Kwa hiyo, kabla hujaandika kichekesho cha namna hii, jaza sentensi moja: "Kwao, kitu hiki ni…" Ukishindwa kuijaza, futa tukio zima. Roboti wa filamu ya WALL-E (2008) anaokota kisanduku chenye pete ya almasi, anaitupa pete, anabaki na kisanduku. Kwake, kisanduku kinafunguka na kufungika. Pete haifanyi chochote. Hakuna neno linalosemwa, na kila mtu anacheka.

Dhana: Kila mtazamaji lazima alijue jina linalotajwa

Si lazima. Katika riwaya ya Douglas Adams ya 1979, kiumbe wa sayari nyingine aliye duniani anajichagulia jina Ford Prefect akidhani halitamshtua mtu. Kumbe ni gari la Uingereza. Asiyelijua gari hilo anaona jina tu, na hadithi inasonga mbele.

Dhana: Vichekesho hivi havitafsiriki

Hutafsirika ikiwa fikra ya mhusika imeshikwa. Waliotia sauti za Kifaransa walimgeuza Calvin Klein kuwa Pierre Cardin, jina la mavazi wanalolijua Wafaransa, na kosa la msichana likabaki lile lile.

Dhana: Mwenyeji amrekebishe mgeni papo hapo, watu waelewe

Hili huua kichekesho zaidi ya yote yaliyotangulia isipokuwa lile la kwanza. Anachohitaji mtazamaji kukijua, akijue kabla mgeni hajafungua mdomo. Kisha kosa liachwe likue, liwatie wenyeji mashakani. Katika Galaxy Quest viumbe wale wanawachukua waigizaji wa kipindi kile wakidhani ni mashujaa wa kweli, na waigizaji wanaiacha imani hiyo iendelee karibu filamu nzima. Kiongozi wa viumbe wale anakuja kuambiwa ukweli akiwa amefungwa, anateswa na adui, na mwigizaji ambaye kiongozi huyo alimwamini kuliko mtu yeyote ndiye analazimishwa kumweleza kwamba yote yalikuwa maigizo. Hapo hakuna anayecheka.