Mafuta, Vumbi na Maji: Jinsi Wagiriki wa Kale Walivyojenga Nyumba za Mazoezi

Wageni wengi wakifika Olympia, Ugiriki, hukimbilia uwanja wa mashindano. Hupita bila kugeuka kando ya safu za nguzo zilizo karibu na mto Kladeos, na hapo ndipo ilipo palestra, jengo la mazoezi ya mieleka na ngumi la karne ya 3 KK.

Ramani yake si ngumu. Katikati kuna ua wa mraba usio na paa, umezungukwa na baraza lenye nguzo 72 za mtindo wa Doriki, na nyuma ya baraza vyumba. Kila upande una takriban mita 66.

Mbona vyumba vingi hivyo? Mfuate mwanamieleka. Akiingia anavua nguo zote. Neno "gymnos", yaani uchi, ndilo asili ya "jimu" yetu ya leo. Anajipaka mafuta ya zeituni, kisha anajimwagia vumbi ili mpinzani apate pa kumshika. Akimaliza, mafuta, jasho na vumbi vimemgandia kama udongo, na maji peke yake hayavitoi. Anajikwangua kwanza kwa chuma kilichopinda, ndipo akaoge. Vitruvius, msanifu majengo Mrumi wa karne ya 1 KK, anataja chumba cha mafuta, cha vumbi, cha mfuko wa kupigia ngumi na cha kuogea maji baridi. Ni mwili uliochora ramani.

Huko Olympia, wakimbiaji walikuwa na jengo lao kaskazini mwa palestra: njia ndefu iliyoezekwa, yenye urefu uleule wa uwanja wa mashindano, mita 192 hivi. Mvua ikinyesha, mazoezi yaliendelea. Upande wa magharibi wa jengo hilo ulichukuliwa na mto.

Barazani mwa majengo kama haya walikaa wasemaji na wanafalsafa. Akademia na Lykeion, shule za wanafalsafa Plato na Aristotle kule Athens, zilikuwa viwanja vya mazoezi kabla ya kuwa shule.

Mimi hupenda zaidi nyumba ya mazoezi ya Priene, mji wa kale wa Kigiriki ulio Uturuki ya leo. Chumba cha kuogea bado kina vichwa vya simba vya mawe. Maji yalitoka vinywani mwao yakaangukia kwenye mabirika. Upande huohuo kuna ukumbi wa masomo ya vijana, na kutani wamechora majina yao, zaidi ya 700: "mahali pa fulani", "mahali pa fulani", kila mmoja akidai kiti chake.