Bundi wa vita: kichwa kitulie, mwili ndio ucheze

Ukimhuisha farasi vibaya kwenye katuni, mtazamaji atasema farasi yule anachechemea. Ukimhuisha bundi vibaya, atasema ni kuku. Kosa lenyewe haliko kwenye mabawa, ingawa huko ndiko wengi wanakopoteza wiki nzima. Liko shingoni.

Filamu ya Legend of the Guardians ya mwaka 2010, aliyoiongoza Zack Snyder na kuhuishwa na studio ya Animal Logic ya Sydney, ni darasa zuri la jambo hili. Bundi wake wanavaa kofia za chuma na kucha za vita, lakini ndani ya vyuma hivyo mna ndege kweli, si mwanasesere. Itazameni bila sauti, mkitazama vichwa peke yake. Ninayoyaeleza hapa ni kwa wale wanaotaka kutengeneza bundi mashujaa wao wenyewe kwa Blender, programu ya uhuishaji, kwa fremu (yaani picha) 24 kwa sekunde, kwa wahusika wa huku kwetu.

Wahusika kwanza. Soren wa filamu ile ni Tyto alba, yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, na huyo hatuna haja ya kumwagiza: anaishi darini na magofuni pwani yote. Rafiki yake mdogo Gylfie ni wa aina ya bundi wadogo kabisa wa Amerika. Nafasi yake mpeni bundi wa Sokoke, Otus ireneae, wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapo kusini mwa Malindi. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18, uzito wa gramu 50 hivi, na anakuja kwa rangi tatu: kijivu, kahawia na wekundu wa kutu. Mchana hulala vichakani, si juu sana, mara nyingi wawili wamebanana, na waongoza wageni wa msituni wanajua pa kuwatafuta. Kwa mzee wa vita chukueni bundi mkubwa, Bubo lacteus, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 60 na kope za rangi ya waridi. Kope zile ni zawadi kwa mhuishaji. Akifumba macho, uso mzima hubadilika rangi.

Sasa shingo. Macho ya bundi si mviringo kama yetu. Yana umbo la bomba na yamekazwa kwenye fuvu, hayazunguki. Kwa hiyo kwenye rigi, yaani mifupa bandia ya kumchezeshea mhusika, msiweke kabisa mifupa ya macho. Ukimwekea, siku ya kwanza yenye haraka utamfanya akutupie jicho la pembeni kama mtu, na bundi amekufa hapo hapo. Akitaka kutazama kando, kichwa ndicho kinachokwenda. Ndiyo sababu Mungu amempa pingili 14 za shingo, wakati sisi tuna 7, na anaweza kukizungusha kichwa hadi nyuzi 270 upande mmoja.

Pingili zote 14 hazihitajiki. Mifupa 6 inatosha, kila mmoja ukichukua nyuzi 45, na 45 mara 6 ni 270. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka kuiendesha mifupa hiyo kwa mfupa mmoja wa kuongozea. Anauzungusha nyuzi 270, anaweka kanuni ya kunakili mzunguko, kisha kichwa kinageuka upande wa pili kwa nyuzi 90. Programu haijaharibika. Kwaternioni, namna ya kuandika mzunguko kwa namba nne, hufuata njia fupi kila mara, na kanuni za kunakili nazo husoma mkao wa mwisho tu. Hazijui mfupa ulifikaje huko, na mkao wa 270 kulia ni uleule wa 90 kushoto. Dawa yake: unda thamani yako maalumu kwenye mfupa wa kichwa, iende kutoka hasi 270 hadi chanya 270. Mifupa yote 6 iweke kwenye modi ya Euler, inayohesabu nyuzi za kila mhimili peke yake, kisha kila mmoja upe draiva, yaani fomula ya kuuendesha, inayosoma thamani hiyo na kuigawa kwa 6. Draiva isome thamani yenyewe, isisome mzunguko wa mfupa mwingine, ama utarudi kwenye tatizo lilelile. Mfupa wa Blender hulala kwenye mhimili wa Y, kwa hiyo msokoto unakwenda kwenye Y.

Baada ya hapo ngozi itaminyana katikati ya shingo kama nguo inayokamuliwa. Usihangaike kuirekebisha, manyoya yatafunika. Kwa bundi shingo ni siri ya ndani.

Jambo la pili la shingo ni utulivu. Bundi akiruka, kiwiliwili hupanda bawa linaposhuka na hushuka bawa linapopanda, lakini kichwa hubaki kwenye mstari mmoja, kama mtu abebaye mtungi kichwani. Kwenye rigi, weka uwezo wa kuukata mfupa wa kichwa usifuate mwendo wa kifua, na uwe na kipimo: 0 unafuata wote, 1 haufuati kabisa. Mimi huanzia 0.85. Ukiweka 1 kamili kichwa kinaonekana kimebandikwa hewani na mwili unaning'inia chini yake.

Na kwa kuwa macho hayazunguki, bundi hupima umbali kwa kukipeleka kichwa kushoto, kulia, juu na chini, akilinganisha jinsi vitu vinavyohama. Makinda hufanya hivyo sana. Kama shujaa wako ni kijana, hapa ndipo ujana wake ulipo, wala huna haja ya kumpa macho makubwa ya kitoto. Kichwa kiende kando kwa fremu 4, kisimame ghafla, kitulie fremu 10, kiende upande wa pili kwa fremu 4, kitulie tena. Bila kulainisha mwisho wa mwendo. Wengi hulainisha kila kitu kwa mazoea, na kinda anageuka mtoto wa chekechea anayeimbishwa.

Mabawa nitayapitia upesi. Mifupa ni mitatu: mkono wa juu, kigasha na kiganja, na kwenye kiganja manyoya 10 marefu ya ncha. Bawa likishuka limefunguka lote. Likipanda, kifundo kinakunjwa na ncha inavutwa ndani. Kwa Tyto alba mimi huweka mzunguko wa fremu 8: 5 za kushuka, 3 za kupanda. Bundi wa Sokoke fremu 4 hadi 5, yule mkubwa fremu 12. Msiwape wote mwendo mmoja halafu mkamkuza huyu na kumpunguza yule. Uzito hausomeki kwa ukubwa wa modeli, husomeka kwa idadi ya fremu.

Ila pigo la kushambulia linahitaji kutazamwa fremu kwa fremu. Miguu ya bundi ni mirefu kuliko inavyoonekana, imefichwa na manyoya. Muache aelee bila kupiga bawa kwa fremu 20. Mabawa yainuke kwa fremu 4. Kisha miguu itupwe mbele kwa fremu 3 tu, hadi kucha zifike pale uso ulipokuwa, na kichwa kirudi nyuma kupisha. Kidole cha nje cha kila mguu hugeuka kurudi nyuma, kwa hiyo kwenye kukamata ni viwili mbele, viwili nyuma. Kigeuze katika zile fremu 3, usikigeuze mapema. Baada ya kugusa, kiwiliwili kiendelee mbele fremu 2 kabla ya uzito kutua. Ukizisahau hizo 2, adui ataonekana amepigwa na karatasi.

Kofia ya vita nayo ina hesabu zake. Chukua kichwa cha kipenyo cha sentimita 8 pamoja na manyoya. Eneo la tufe hilo ni kama sentimita za mraba 200, na kofia ikifunika nusu ni 100. Shaba ya unene wa milimita 1 itakuwa sentimita za ujazo 10, na kwa gramu 8.5 kila moja ni gramu 85. Bundi mwenyewe ana gramu 350 hivi. Yaani amebeba karibu robo ya uzito wake, na yote kichwani! Hadithi ni hadithi, hakuna atakayekushtaki, lakini uzito huo lazima uonekane mahali. Muongezee mapigo mawili ya bawa anapoondoka tawini, na kichwa kichelewe fremu 1 hadi 2 kusimama kila kinapogeuka. Kichwa cha asiye na kofia husimama papo hapo, kama kisu.

Umbo lake lina masharti mawili. Kilinzi cha nyuma ya shingo kiwe kifupi, la sivyo akigeuka nyuzi 270 kitaingia begani na utakesha ukirekebisha migongano. Pia kofia isifunike ule uso wa bakuli. Lile bakuli ni sikio, hukusanya sauti na kuipeleka kwenye matundu yaliyo pembeni, nayo hayalingani: la kushoto liko juu zaidi ya la kulia. Kwa tofauti hiyo bundi hujua panya yuko juu au chini hata gizani. Mfunike uso kwa chuma na umemfanya kiziwi. Mimi huacha uso wazi, na chuma kinapita utosini na kwenye taya. Kwa mapambo hakuna haja ya kuiga mapanga ya Ulaya. Nendeni Makumbusho ya Lamu mkaitazame siwa ya shaba, ile pembe kubwa ya kupulizwa, mwangalie jinsi nakshi zinavyoizunguka. Milango ya Lamu pia imejaa mistari ya mnyororo na maua ambayo hukaa vizuri kwenye ukingo wa kofia. Kofia ishikwe na mfupa wa kichwa peke yake, isigawane uzito na manyoya, ama itakunjika kama kitambaa.

Sauti. Bundi haruki kwa kishindo. Unyoya wa kwanza wa ubawa una meno kama kitana, juu ya manyoya mna ulaini wa mahameli, na kingo za nyuma zimechanika nyuzinyuzi. Vyote huua sauti. Ukimwekea pa-pa-pa ya njiwa umeharibu kazi yote. Katika vita kinachosikika ni chuma na pumzi. Na Tyto alba halii "huu, huu". Mlio wake ni mkali wa kukwaruza, kama kitambaa kinachopasuliwa, na mtazamaji wa pwani ataujua papo hapo. Hapo kuna jambo la kupimwa: kwetu mlio huo juu ya paa ni kisirani, na wazee walimwita babewatoto, ndege wa kutishia watoto. Ukifungua filamu kwa mlio, ukumbi mzima umeshamhukumu shujaa wako. Mfungue kwa kimya, uso wake mweupe kwenye mbalamwezi, mlio uje baadaye akiwa na sababu ya kulia.

Mvua nayo mzingatie. Ulaini ule unaoua sauti hunywa maji. Bundi wa namna hii hawindi vizuri kwenye mvua, kwa hiyo vita vya masika viwe vya kuruka kwa taabu: mzunguko wa fremu 8 ushuke hadi 6, na bundi asipande juu kwa kila pigo kama awali. Anapiga zaidi, anapata kidogo.

Mwendo wa taratibu, ule ambao filamu za namna hii huupenda, usiutengeneze kwa kunyoosha fremu. Ukivuta mzunguko wa 8 ukawa 40, programu itajaza katikati kwa mistari laini na bawa litakuwa kama kasia. Nyoosha, kisha rudi uongeze kwa mkono: ncha za manyoya zichelewe nyuma ya kiganja. Kwenye mwendo wa kawaida huchelewa fremu 2, sasa zinachelewa 10, na kila unyoya unachelewa kidogo kuliko jirani yake.

Kwa kisa cha shujaa, wenye kutaka cha kwetu wanacho cha Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa katika mkao huo. Watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Nimewahi kuona watu wakikihuisha kisa hiki kwa mikiki ya vita pekee, wakakiacha kisima. Kisima ndicho cha kuhuisha, na bundi anakifaa kuliko mtu, kwa kuwa bundi hai hukaa vilevile.

Bundi hai aliyetulia mpe pumzi moja kifuani kila fremu 40, kupepesa kwa fremu 2 kushuka na 4 kupanda, na kichwa kisogee mara moja kila sekunde mbili au tatu. Upepo uguse manyoya ya kingo tu. Kwa bundi wa kisimani, anza na hayo yote. Kisha ondoa mwendo wa kichwa, baadaye kupepesa, baadaye pumzi, kila kimoja kwa nafasi ya fremu 48, na upepo uuache uendelee. Asiyejua hataona kilichoondoka. Ataona manyoya yanacheza na kudhani mzee anangoja.

Akianguka, msimpe maandalizi yoyote kabla. Kitu kikidondoka kutoka sentimita 30 hufika chini kwa fremu 6, lakini mwili unaopinduka kutoka wima huanza polepole, kwa hiyo mpeni 12, na 7 za mwanzo zionyeshe mwinamo mdogo sana. Kofia igonge jiwe la kisima fremu 1 kabla ya kifua, na sauti iwe hiyo moja tu.