Mafunzo ya Ufuatiliaji wa Magonjwa Yaanzie Kwenye Kitabu cha Zahanati

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkufunzi wa epidemiolojia ya vitendo, yaani elimu ya kuchunguza jinsi magonjwa yanavyoenea, kwa watumishi wa afya wa halmashauri nchini Tanzania: maafisa afya wa kata, waganga wa zahanati, wauguzi, wataalamu wa maabara na, siku hizi, madaktari wa mifugo wanaokaa nao darasa moja. Kazi hii imenifundisha jambo ambalo ningependa wanaopanga bajeti za mafunzo walizingatie. Mtumishi hajifunzi ufuatiliaji wa magonjwa katika ukumbi wa semina. Anajifunza katika zile wiki anazorudi kituoni kwake akiwa na kazi maalumu ya kufanya na mtu wa kumwuliza anapokwama.

Wazo hili si geni. Mwaka 1951 Alexander Langmuir alianzisha nchini Marekani, katika taasisi ambayo leo ni CDC, kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, mpango wa kuwafundisha madaktari vijana kwa kuwatuma kwenye milipuko yenyewe. Tanzania ilianza programu yake ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara, TFELTP, mwaka 2008, na wahitimu wa kozi yake ya miaka miwili wamefanya kazi kubwa. Hata hivyo wahitimu hao ni wachache, na mlipuko hauanzii wizarani. Baada ya Ebola ya Afrika Magharibi kuonyesha jinsi ugonjwa unavyoweza kuenea kwa majuma mengi bila mtu wa wilayani kuutambua, CDC ilianzisha mwaka 2015 ngazi ya msingi ya mafunzo hayo, ya miezi mitatu, kwa ajili ya watumishi wa wilaya, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoichukua. Darasani mwanafunzi hukaa siku chache tu, katika vipindi vinavyopishana na kazi, na muda uliobaki huutumia kwenye kituo chake cha kila siku.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kukagua ubora wa takwimu. Mwanafunzi huchukua Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, akahesabu mwenyewe wagonjwa wa ugonjwa mmoja kwa mwezi mmoja, kisha akalinganisha hesabu yake na taarifa iliyotumwa wilayani na ile iliyomo kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mara chache sana hesabu hizo tatu hulingana. Nakumbuka mwanafunzi mmoja, muuguzi wa zahanati ya Kanda ya Ziwa, aliyegundua kwamba wagonjwa wa kuhara damu waliokuwa kitabuni ni wachache kuliko waliopewa dawa. Alifuatilia kwa siku mbili hadi akakuta kwamba kitabu kiliwahi kujaa, kipya hakikuletwa, na wagonjwa wa zamu ya usiku wakawa wanaandikwa kwenye daftari la shule ambalo mtayarishaji wa taarifa ya mwezi hakujua kuwa lipo. Hakuna mhadhara wangu ambao ungemfundisha hilo.

Jambo la pili ambalo halieleweki mpaka mtu alifanye kwa mkono wake ni maana ya sifuri. Kila wiki kituo hutakiwa kutoa taarifa hata kama hakikuona mgonjwa yeyote wa magonjwa yanayofuatiliwa, kwa sababu kuandika sifuri na kukaa kimya ni vitu viwili tofauti: anayeandika sifuri amepekua kitabu, anayekaa kimya huenda hakukifungua. Chukua mfano wa polio. Hata mahali pasipo na polio, ufuatiliaji mzuri hutarajiwa kupata angalau mtoto mmoja mwenye kulegea viungo ghafla kwa sababu nyingine, kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, kila mwaka. Halmashauri yenye watoto 200,000 ikimaliza mwaka bila kuripoti hata mmoja, isishangilie. Ijiulize watoto wawili iliotarajia kuwaona wamepelekwa wapi, kwa mganga wa kienyeji au kwenye kituo ambacho hakikujua kwamba sampuli mbili za choo zinatakiwa kuchukuliwa kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kulipoanza.

Maarifa haya pia huchakaa. Vigezo vya kumshuku mgonjwa wa kipindupindu tulivyofundishwa wengi wetu vilianzia umri wa miaka mitano, na siku hizi vinaanzia miaka miwili. Mganga aliyehudhuria semina zamani na kutotembelewa tena atamwona mtoto wa miaka mitatu anayeharisha maji na kupungukiwa maji vibaya, atamtibu vizuri, wala hatatoa taarifa. Hilo si kosa lake, ni kosa letu tuliompa cheti tukaondoka.

Naongeza neno kuhusu lugha, kwa kuwa nalo hupuuzwa. Miongozo yetu mingi imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayegundua tatizo wa kwanza, yaani mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hufikiri na kuzungumza Kiswahili, au Kihaya, au Kisukuma. Ninapowafundisha maafisa afya huwataka waeleze kila ugonjwa kama watakavyomweleza mhudumu huyo chini ya mwembe, na asiyeweza kufanya hivyo huwa hajauelewa ugonjwa bado.

Umuhimu wa yote haya ulionekana Kagera mwaka 2023. Virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, vilithibitishwa Machi, mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, na wagonjwa tisa walihesabiwa, sita wakafariki. Wawili kati ya hao tisa walikuwa watumishi wa afya. Nikisoma takwimu hizo siwazi kwanza wataalamu waliotoka Dodoma na Dar es Salaam, ingawa nawaheshimu; nawawaza waliokuwa zamu mgonjwa alipoingia akiwa na homa na kutapika, na ugonjwa haukuwa na jina bado.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha za mafunzo zitumike wapi, husema zipunguzwe kwenye kumbi na posho, ziongezwe kwenye mafuta ya pikipiki ya mlezi atakayemfuata mwanafunzi kituoni, na kwenye usimamizi shirikishi unaoacha mrejesho wa maandishi badala ya sahihi tu kwenye kitabu cha wageni. Vilevile wakurugenzi wasimhamishe mratibu wa ufuatiliaji mara tu anapohitimu, kwani ni jambo ninaloliona mara kwa mara, na linarudisha wilaya nzima mwanzo.

Tena, wasilisho la mwisho lifanyike mbele ya Mganga Mkuu wa Wilaya, si mbele ya wakufunzi peke yao. Yule muuguzi wa Kanda ya Ziwa alisimama na lile daftari la shule mkononi, akasoma majina ya miezi iliyokosekana. Mganga Mkuu alimwuliza swali moja tu, kwamba ni zahanati ngapi nyingine zimeishiwa vitabu, na jioni hiyohiyo mfamasia wa wilaya alikuwa anapiga simu kituo kwa kituo.