Bahasha Aliyoipokea Waziri

Picha imezunguka tena kwenye makundi ya hapa Mwanza: balozi mpya na Waziri wa Mambo ya Nje, bahasha katikati, tabasamu pande zote mbili. Chini yake maneno yaleyale: "Huyu ameshaanza kazi rasmi, tumwalike soko la samaki la Mwaloni aone dagaa wetu." Safari hii wamekwenda mbali zaidi, barua ya mwaliko imeshaandikwa na tarehe imewekwa. Jamani, subirini.

Kilichomo kwenye bahasha ile ni nakala ya hati za utambulisho. Hati zenyewe bado anazo balozi. Zimesainiwa na mkuu wa nchi yake na zimeandikiwa mkuu wa nchi mwenzake, kwa hiyo waziri hana mamlaka ya kuzipokea. Zitakwenda Ikulu, siku Ikulu itakayopanga.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema nakala ni karatasi tu. Hapo ndipo huwa naishiwa subira. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, Ibara ya 13, unatoa njia mbili: balozi huhesabiwa kuwa ameanza kazi anapokabidhi hati zenyewe, au anapotoa taarifa ya kufika na kukabidhi nakala wizarani. Nchi mwenyeji hufuata desturi yake, mradi iwe moja kwa mabalozi wote. Na siku hiyo ina uzito, kwa sababu Ibara ya 16 inapanga ukubwa wa mabalozi kwa tarehe na saa ya kuanza kazi. Saa! Wakifika wawili siku moja, maofisa wa itifaki wanaangalia nani alitangulia kutua. Nani akae wapi kwenye sherehe, nani awe kiongozi wa mabalozi miaka ijayo, mambo hayo huanzia hapo. Kwa hiyo picha ileile inaweza kuwa mwanzo wa kazi katika nchi moja na isiwe katika nchi ya jirani.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi: salamu, uhusiano wa nchi mbili, pengine hoja moja iguswe kwa mbali. Mikataba haisainiwi pale.

Kuna jambo linanitia shaka, na wakufunzi wa itifaki hulipita haraka. Desturi ya balozi kujizuia na shughuli za hadharani hadi atoke Ikulu ina heshima yake, ila ratiba ya Ikulu ikichelewa inaumiza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Likitokea la namna hiyo leo wakati balozi anasubiri tarehe, nani abishe hodi kwa nguvu? Ibara ya 19 inaruhusu kaimu balozi kushika ofisi, na wapo makaimu hodari. Hata hivyo siamini kwamba kaimu anasikilizwa sawasawa na balozi, na sijaona sababu ya kutosha ya kuiacha minofu ya sangara ingoje sherehe.

Ndiyo desturi iliyopo, lakini. Barua yenu iandikieni ubalozi, Wizara ya Mambo ya Nje ipate nakala, ofisi ya Mkuu wa Mkoa ijue mapema. Tarehe ifuteni. Mtaiandika akishakabidhi hati Ikulu.